Stika zinahama, zinapinda, zinakatika: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kuprinti lebo kwenye Word na LibreOffice

Nafanya kazi steshenari, na kazi ya lebo naipenda kuliko zote. Lebo za asali, za siagi ya karanga, za viungo vya pilau, za sabuni ya maji, majina ya bahasha za harusi, mafaili ya shule. Na kilio cha watu ni kilekile kila siku, kwenye kompyuta imekaa vizuri kabisa, ikitoka kwenye printa maandishi yamepanda kwenye stika ya jirani. Karatasi ya stika inauma mfukoni, ukiharibu tano umeshakula faida ya chupa kadhaa, kwahiyo nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa na majibu kama ninavyowaelekeza watu dukani.

Mifano mingi nimetumia karatasi ya A4 yenye stika 21, tatu kwa upana na saba kwenda chini, kila moja milimita 63.5 kwa 38.1, ile ambayo Avery wanaiita L7160. Hata karatasi zisizo na jina la kampuni nyingi ninazozipata zimekatwa kwa vipimo hivohivo.

Lebo hazikai sawa, nianze kurekebisha wapi?

Usianze kurekebisha, anza kupima. Watu wakiona imehama wanaingia kwenye faili wanapiga enta, wanapiga spesi, wanavuta jedwali lenye lebo kwa mausi, wanaprinti tena, imehama kivingine, na baada ya nusu saa faili halina hata lebo mbili zinazofanana alafu ndo linaletwa kwangu.

Fanya hivi. Chagua jedwali lote uliwekee mistari kwa muda (All Borders), printi kwenye karatasi nyeupe ya kawaida, alafu ilaze juu ya karatasi ya stika, sawazisha pembe zote, inua zote mbili pamoja uziweke kwenye kioo cha dirisha mchana au mbele ya tochi ya simu. Utaona mistari uliyoprinti na mikato ya stika kwa pamoja. Sasa angalia stika ya juu kushoto, ya juu kulia, na ya chini kabisa kushoto, hizo tatu zinakutosha, chukua rula uandike pembeni zimehama milimita ngapi na kuelekea wapi.

Ukishapata hizo namba ugonjwa unajulikana. Kama zote zimehama kiasi kilekile upande uleule, ni pambizo (margin), ile nafasi tupu ya pembeni mwa ukurasa. Kama ya juu iko sawa na kadri unavyoshuka tofauti inaongezeka, basi ama hatua ya kutoka lebo moja kwenda nyingine umeikosea ama printa imepunguza ukubwa wa ukurasa. Kama upande wa kushoto umepanda na wa kulia umeshuka, karatasi imeingia kwa mshazari na faili lako halina kosa lolote, usiliguse. Na kama nyingi ziko sawa ila kuanzia lebo fulani kushuka ndo zimeharibika, kuna maandishi au picha imezidi ndani ya lebo ikasukuma wenzake. Dawa ya moja haitibu nyingine, na ndio maana nasisitiza rula kabla ya mausi.

Mstari wa kwanza umekaa sawa kabisa, wa mwisho umepotea kabisa. Kwanini?

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na ndo linalopoteza stika nyingi kuliko yote, kwahiyo nitakaa nalo kidogo.

Kuna mambo mawili yanayofanana sana kwa macho. La kwanza ni printa kupunguza ukubwa. Tuseme imeprinti kwa asilimia 97 badala ya 100. Kwa macho huoni, herufi zinaonekana zilezile. Ila kwenye karatasi yetu ya stika 21, kutoka juu ya stika ya kwanza mpaka juu ya stika ya saba ni milimita 228.6, asilimia 97 yake ni kama 221.7, yaani umeshapoteza karibu milimita 7 na stika yenyewe ina urefu wa 38. Jina la mtu tayari liko kwenye mkato.

La pili ni hatua iliyokosewa kwenye vipimo vya lebo, ile sehemu iliyoandikwa Vertical pitch kwenye dirisha la New Label (Mailings, Labels, Options). Hapa watu wengi wanaelewa vibaya, wanadhani ni ile nafasi tupu kati ya stika na stika. Hapana. Ni umbali kutoka juu ya stika moja mpaka juu ya stika inayofuata, stika yenyewe na nafasi yake kwa pamoja. Kama stika zimegusana, hatua na urefu ni namba moja. Horizontal pitch ni hivohivo kwa upana, kutoka ukingo wa kushoto wa stika moja mpaka ukingo wa kushoto wa inayofuata, kwa karatasi yetu ni milimita 66 wakati stika yenyewe ni 63.5, ile 2.5 ndo nafasi katikati.

Utatofautishaje? Ingia kwenye faili hilohilo chora mstari mnyoofu wa sentimita 10 kamili, Insert alafu Shapes, ukishauchora uandikie upana 10 kwenye kisanduku cha saizi. Printi upime kwa rula. Ukipata 10 printa haina shida, kosa liko kwenye hatua. Ukipata 9.7 au 9.4, usiguse kipimo chochote cha lebo, nenda swali linalofuata. Dalili nyingine ya kupunguzwa ukubwa ni kwamba mara nyingi lebo zinakusanyika katikati, za juu zimeshuka, za chini zimepanda, za kushoto zimesogea kulia. Ukiona hivo hata rula huhitaji.

Kama ni hatua, hesabu ni ndogo. Stika ya saba imeshuka chini milimita 3.6 na ya kwanza iko sawa? Kati ya ya kwanza na ya saba kuna hatua sita, sio saba, gawanya 3.6 kwa 6 unapata 0.6, basi punguza 0.6 kwenye Vertical pitch. Ikiwa imepanda unaongeza. Kosa la kugawa kwa saba nimeliona mara nyingi, unabaki na nusu milimita inakusumbua na hujui inatoka wapi.

Na usikate namba. 38.1 ukiandika 38 umekosea 0.1 kila hatua, stika ya saba inakua imehama 0.6. Kwa lebo kubwa utavumilia, ila ile karatasi ya stika 65, milimita 38.1 kwa 21.2, ina mistari 13 na stika ni fupi, hapo ukiandika 21 badala ya 21.2 mstari wa mwisho umeenda milimita 2.4, ambayo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya stika.

Hiyo setingi ya kupunguza ukubwa iko wapi? Mimi sijawahi kuigusa

Hujaigusa ni kweli, mara nyingi imewashwa tangu mwanzo, na iko sehemu zaidi ya moja, ndo maana mtu anazima moja anashangaa bado.

Kwenye Word ukiwa ukurasa wa kuprinti angalia pale chini palipoandikwa 1 Page Per Sheet, ukibonyeza kwa chini kabisa kuna Scale to Paper Size, iwe No Scaling. Ya pili imejificha, nenda File, Options, Advanced, shuka mpaka sehemu ya Print utakuta kiboksi kinachosema Scale content for A4 or 8.5 x 11" paper sizes, toa tiki. Ya tatu iko kwenye printa yenyewe, bonyeza Printer Properties, kila kampuni ina majina yake lakini tafuta neno Scale au Fit au Zoom, hakikisha ni asilimia 100.

Kama unaprinti PDF kwenye Adobe Reader chagua Actual size. Fit inapunguza au kuongeza, Shrink oversized pages inapunguza kama ukurasa umezidi sehemu ambayo printa inaweza kufika. Kwenye Chrome fungua More settings uangalie Scale, kusiwe na Fit to paper.

Karatasi yangu ni A4, kwanini kompyuta inaongelea Letter?

Kwasababu Word imetoka Marekani na kule karatasi yao ni Letter, milimita 215.9 kwa 279.4. A4 yetu ni 210 kwa 297. Letter ni pana kidogo na fupi karibu sentimita 1.8. Ukitengeneza lebo kwenye ukurasa wa Letter alafu ukaprinti kwenye A4 hakuna siku zitakaa, na ukitengeneza A4 alafu printa imesetiwa Letter, itakupunguzia mpaka kama asilimia 94 ili ukurasa uenee.

Angalia sehemu tatu: saizi ya ukurasa kwenye faili, saizi ya karatasi kwenye printa, na ile inayosahaulika kuliko zote, kisanduku cha Page size ndani ya dirisha la New Label. Na ukichagua lebo kwenye orodha usichague namba ya Kimarekani kwa sababu tu jina la kampuni umelizoea, Avery 5160 kwa mfano ni ya Letter, stika 30, kila moja inchi 1 kwa inchi 2 na 5/8. Haiingii kwenye A4 ya stika 21 hata ufanyeje.

Kama vipimo vinakutokea kwa inchi na wewe rula yako ni ya sentimita, nenda File, Options, Advanced, sehemu ya Display, badilisha iwe milimita au sentimita. Inchi moja ni milimita 25.4. Kugeuza kichwani ndo unaingiza makosa.

Stika nimenunua mtaani hazina jina wala namba. Nafanyaje?

Hizi ndo nyingi na wala zisikutishe, zinapimika. Unahitaji rula ya chuma au hata ya plastiki yenye milimita zinazosomeka, na dakika tano za utulivu.

Usipime stika moja ukazidisha. Hapo ndo ufundi wenyewe ulipo, rula ya kawaida inakudanganya nusu milimita kwenye kila kipimo na ukiizidisha mara saba kosa limekua. Pima urefu mrefu alafu gawanya. Weka sifuri juu ya stika ya kwanza, soma juu ya stika ya mwisho, gawanya kwa idadi ya hatua. Kwa karatasi yetu utasoma kama 228 na nusu, gawanya kwa 6, unapata 38.08, basi unajua ni 38.1. Ukingo wa kushoto wa stika ya kwanza mpaka ukingo wa kushoto wa stika ya tatu utasoma 132, gawa kwa 2 ni 66. Umeona, kosa la kusoma limegawanyika nalo limekua dogo.

Alafu pima upana na urefu wa stika, pima kutoka juu ya karatasi mpaka juu ya stika ya kwanza, na kutoka ukingo wa kushoto wa karatasi mpaka stika ya kwanza. Hapa inatoka 15.1 na 7.2 hivi. Fanya jaribio la kujihakikishia: 15.1 ya juu, jumlisha 38.1 mara saba ambayo ni 266.7, jumlisha 15.1 ya chini, inatoka 296.9 na karatasi ni 297. Umepatia. Kama jumla yako inatoka 290 au 303 kuna kipimo umesoma vibaya, rudia kabla hujaingia kwenye kompyuta.

Sasa kwenye Word nenda Mailings, Labels, Options, New Label, jaza: Top margin 15.1, Side margin 7.2, Label height 38.1, Label width 63.5, pitch zote mbili, Number across 3, Number down 7, Page size A4. Kama kisanduku kinaonyesha sentimita basi ni 1.51 na 3.81, usiingize 38.1 kwenye sentimita. Ipe jina utakalolikumbuka, mimi naandika jina la duka niliponunua stika na idadi yake, kwasababu mzigo wa duka lingine unaweza kuwa umekatwa tofauti kidogo.

Nikibonyeza OK Word inakataa, inasema lebo ni kubwa kuliko ukurasa

Word inajumlisha kama tulivyojumlisha pale juu ikaona imezidi. Mara nyingi Page size imebaki Letter wakati umeingiza vipimo vya A4, badilisha hiyo kwanza. Kama sio hiyo, angalia kama umegeuza Number across na Number down. Na hatua haiwezi kuwa ndogo kuliko stika yenyewe, upana 63.5 na Horizontal pitch 63 haiwezekani.

Zote zimehama kiasi kilekile, tuseme milimita 2 juu na 1 kushoto

Afadhali wewe, hii ndo nyepesi. Zimepanda milimita 2, ongeza 2 kwenye Top margin. Zimeenda kushoto 1, ongeza 1 kwenye Side margin. Ukiwa umeshajaza majina kwenye jedwali na hutaki kuanza upya, nenda Layout, Margins, Custom Margins, badilisha Top na Left za ukurasa kwa kiasi hicho. Ukisogeza kushuka chini punguza na pambizo ya Bottom kwa kiasi hichohicho, la sivyo mstari wa mwisho utakosa nafasi na kurukia ukurasa wa pili.

Ila ujue kwamba hili ni kosa la printa hiyo, sio la faili. Kila printa inavuta karatasi kwa tabia yake, na hata trei ya juu na ya chini za printa moja zinaweza kutofautiana. Kwahiyo mimi nasevu faili mara mbili na jina la printa mwishoni. Baadhi ya printa za leza zina setingi yao wenyewe ya kusogeza picha kwa kila trei, ukiipata ni bora zaidi, unarekebisha mara moja kazi zote zinanyooka.

Zinapinda, upande mmoja juu mwingine chini

Karatasi imeingia vibaya. Bana vile viongozi vya pembeni mpaka viguse karatasi bila kuikunja, tumia trei ya kuingizia kwa mkono badala ya droo kwasababu njia yake imenyooka zaidi, kwenye setingi ya aina ya karatasi chagua Labels au karatasi nzito ili printa ivute taratibu. Stika pia zinashikana kingo zikikaa kwenye joto, zipepee kama karata kabla ya kuweka na usiweke rundo, tia chache. Kama hata karatasi ya kawaida inapinda, rola zimechakaa au zina vumbi, futa kwa kitambaa kisicho na manyoya chenye unyevu kidogo, printa ikiwa imezimwa.

Jedwali lilikua zuri, nikaanza kujaza majina lebo zikaanza kusukumana

Jedwali la lebo ni jedwali la kawaida la Word ambalo limefungwa urefu, na kuna vitu vinavyolifungua.

Kwanza, mtu anabandika majina kutoka Excel au faili lingine na yanakuja na mtindo wake. Chagua jedwali lote, bonyeza kulia, Table Properties, kwenye Row angalia Row height is. Lazima iwe Exactly. Ikiwa At least, mstari wa nne ukiingia stika yote inarefuka na zilizo chini yake zote zinashuka. Ukiweka Exactly maandishi yaliyozidi yatakatika badala ya kusukuma, na hapo unapunguza fonti au unafuta nafasi ya juu na chini ya aya, kwasababu Word yenyewe inaongeza nafasi baada ya kila aya bila kukuuliza.

Pili, kwenye Table hapohapo bonyeza Options, toa tiki ya Automatically resize to fit contents. Hii ndo inayofanya anuani ndefu ipanue stika yake na kubana ya jirani.

Tatu, zile nguzo nyembamba tupu katikati ya lebo. Ni ile milimita 2.5 ya nafasi. Watu wanaziona kama kosa wanazifuta, au wanabonyeza Tab wanaandika humohumo. Ziache. Ili uzione vizuri bila kuziprinti washa View Gridlines.

Nne, nembo. Picha ikiwa inaelea inaenda itakako. Ibonyeze, Wrap Text, chagua In Line with Text, ikae kama herufi. Tengeneza lebo ya kwanza mpaka ukamilifu alafu ndo unakili kwenye nyingine.

Nimetumia Mail Merge, lebo zote zina jina moja

Mail Merge ni ile njia ya Word kuvuta majina yenyewe kutoka kwenye orodha, na hapa hukubonyeza Update Labels baada ya kupanga lebo ya kwanza. Na ile «Next Record» inayotokea mwanzoni mwa lebo ya pili na kuendelea usiifute, ndiyo inayoiambia Word ihamie kwa mtu mwingine. Ukiiweka na kwenye lebo ya kwanza, mtu mmoja atarukwa.

Inatoka karatasi ya pili tupu

Word haikubali ukurasa uishe na jedwali, lazima kuwe na aya moja baada yake, na ile aya inakosa nafasi inaenda ukurasa wa pili. Weka kishale pale, fonti iwe 1, nafasi ya aya iwe sifuri. Imeisha.

Mimi natumia LibreOffice, sina Word

Na ni nzuri tu kwa kazi hii, bure na vipimo vyake viko wazi. Nenda File, New, Labels. Kwenye kichupo cha Format jaza vipimo vilevile tulivyopima, hatua mbili, upana, urefu, pambizo ya kushoto na ya juu, idadi, pamoja na upana na urefu wa ukurasa, na kuna Save ya kuhifadhi kwa jina lako. Kwenye Options weka tiki Synchronize contents. Ukishafungua faili unahariri lebo ya kwanza tu, ukibonyeza Synchronize Labels nyingine zote zinaifuata, ambayo inakuepusha na kunakili mara 20. Ukiandika kwenye lebo ya tano ukabonyeza hicho kitufe kazi yako inafutika, hiyo watu inawaliza.

Na kwenye simu?

Andika kwenye simu, ila usiprinti lebo kutoka kwenye simu kama stika zina mikato. Setingi za ukubwa hazionekani vizuri na programu nyingi zinapunguza ukurasa zenyewe. Toa PDF ya A4, peleka kwenye kompyuta, printi Actual size.

Karatasi imebaki stika tisa, naweza kuirudisha kwenye printa?

Kwenye printa ya leza nakuomba usifanye hivo. Ndani yake kuna sehemu ya kuchoma tona yenye joto kali sana, gundi iliyobaki wazi au stika iliyolegea kingo inabanduka humo ndani na kushika kwenye rola, na gharama ya kutengeneza ni kubwa kuliko pakti nzima ya stika. Kwa sababu hiyohiyo usiweke stika za printa ya wino kwenye leza, hazijatengenezwa kuhimili lile joto. Kwenye printa ya wino hatari ni ndogo lakini gundi bado inaweza kubaki kwenye rola. Njia salama ni kubandua na kuandika kwa mkono hizo tisa, au kupanga idadi ya lebo mapema ijaze karatasi.

Nataka lebo yenye rangi mpaka ukingoni na fremu pembeni

Fremu inayofuata mkato wa stika naikataza kila siku. Hata vipimo viwe sahihi kiasi gani, karatasi moja na nyingine zinaweza kupishana milimita moja hivi wakati wa kuvutwa, na milimita moja kwenye maandishi huioni ila kwenye fremu inaonekana upande mmoja mnene mwingine mwembamba. Ingiza fremu ndani milimita 3, au iondoe. Maandishi nayo yaache milimita 3 kutoka ukingoni. Rangi ya chini fanya kinyume, ipitishe kidogo nje ya mkato ili ikihama isiache mstari mweupe. Kumbuka pia printa nyingi za ofisini haziprinti kama milimita 4 mpaka 5 za pembeni ya karatasi, kwahiyo stika zinazoanza ukingoni kabisa zitakatika na hakuna setingi ya Word itakayosaidia.

Kama unalazimika kuwa na rangi kamili na umbo lako mwenyewe, nunua stika nzima ya A4 isiyo na mikato, panga lebo zako na vijialama vya kukatia kwenye pembe, ukate na mashine ya kukatia. Hapo mkato unafuata uchapaji, kwahiyo hata karatasi ikihama milimita 2 hupotezi kitu.

Printa ya stika za roli, zile za bakodi, nazo ni hivohivo?

Hapana, kule ukurasa ndo stika yenyewe. Kama roli ni milimita 58 kwa 40, saizi ya ukurasa kwenye faili na kwenye printa ziwe 58 kwa 40, pambizo ndogo ya 2 hivi, lebo moja kwa ukurasa. Ikiwa kila stika inahama zaidi ya iliyopita, printa haijatambua nafasi kati ya stika, nyingi zinajipima zenyewe ukishikilia kitufe cha kulisha karatasi mpaka zitoe stika kadhaa tupu.

Nyumbani ilikua sawa, nimepeleka steshenari imeharibika

Kuna mama mmoja anauza siagi ya karanga, alifika kwangu amebeba karatasi kumi za stika zilizoharibika, amezilipia sehemu nyingine, na kesho yake alikua na oda ya kupeleka dukani. Faili lake lilikua la Word. Nilipolifungua lilikua zuri, vipimo sahihi mpaka nukta. Tukalaza zile karatasi dirishani, za juu zimeshuka, za chini zimepanda, zimekusanyika katikati. Nikamwambia mama faili lako halina kosa, waliprinti kwa Fit. Yeye siku mbili nzima alikua anahangaika kubadilisha pambizo.

Kwahiyo ukienda kuprinti nje usipeleke Word. Fonti yako inaweza isiwepo kwenye kompyuta yao, ikabadilishwa na nyingine pana, mistari ikaongezeka. Sevu kama PDF. Ukifika mwambie anayeprinti maneno matatu, A4, Actual size, trei ya mkono, alafu muombe kwa upole atoe moja kwenye karatasi ya kawaida kwanza, uilipie hiyo, uilaze juu ya stika yako mwenyewe pale kaunta. Mama yule sasa anakuja na karatasi yake ya stika moja kwenye bahasha kwa ajili hiyo tu, anaiinua kwenye taa, akiridhika ndo anasema toa ishirini.